Namna ya Kujenga Kibanda Kwenye Biti za Wengine

Hongera, umetunga lugha yako ya programu. Ina jina, ina nembo, ina mashine pepe inayoendesha msimbo wake, na ina watumiaji wawili: wewe, na mdogo wako ambaye hakuulizwa. Kinachokunyima usingizi ni kasi. Umeandika programu ya kukokotoa Fibonacci ya 35, kama afanyavyo kila mtunga lugha, na Lua imekupita mpaka aibu. Mtu mwenye busara angepima kwanza aone muda unapotelea wapi. Sisi hatuna muda huo. Tutachukulia moja kwa moja kwamba kosa ni la thamani zako, kwamba zimenenepa, na kwamba dawa ni kuzibana hadi kila moja iingie kwenye biti 64, lebo ya aina ikiwa humo humo ndani.

Kazi hii ina mafundi wakubwa na historia ndefu, na karibu yote ni historia ya kujenga kwenye ardhi isiyo yako. Umewahi kuona vibanda vilivyojipanga kwenye hifadhi ya barabara kuu. Mwenye kibanda anaijua mipaka vizuri. Anajua pia kwamba barabara haijapanuliwa tangu enzi za babu yake, na kwamba siku ya kupigwa X nyekundu ukutani bado iko mbali. Basi anajenga, tena kwa tofali. Shika roho hiyo hiyo, utaihitaji.

Anza kwa kuzichukia baiti saba

Katika lugha isiyotangaza aina, kigeu kimoja kinaweza kubeba namba sasa hivi, neno baadaye kidogo, na orodha nzima kabla programu haijaisha. Kwa hiyo mashine pepe haina budi kutembea na vitu viwili kila mara: thamani yenyewe, na lebo inayosema ni thamani ya aina gani. Njia ya kiungwana ni kuviweka bega kwa bega. Lua 5.4 hufanya hivyo: baiti 8 za thamani, baiti 1 ya lebo. Jumla 9. Lakini prosesa hupenda kitu cha baiti 8 kianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, hivyo kompaila ya C inaongeza baiti 7 za kujazia nafasi, na jumla inakuwa 16. Orodha ya thamani milioni moja inakula MB 16, na MB 7 kati ya hizo ni hewa.

Ndiyo, ni Lua ile ile iliyokupita. Usilifikirie sana hilo.

Hapa unatakiwa kukasirika. Wapo watakaokuambia RAM ni rahisi siku hizi, ongeza. Hao hawajakutana na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Prosesa nyingi za leo huvuta kumbukumbu kwa vipande vya baiti 64. Thamani za baiti 16 zinaingia nne kwenye kipande, za baiti 8 zinaingia nane, na kila safari ya kwenda RAM inagharimu muda mwingi zaidi kuliko kusoma kilicho kwenye kashe. Kwa mara moja hasira yako ina msingi, jambo lisilo la kawaida katika fani hii.

Chukua biti za chini, hakuna anayeziangalia

Vitu vinavyowekwa kwenye lundo la kumbukumbu kwa kawaida huanzia kwenye anwani zinazogawanyika kwa 8. Maana yake ni kwamba biti tatu za mwisho za kila anwani ni sifuri, siku zote, zimekaa tu. Zichukue. Biti ya mwisho ikiwa 1, tangaza kwamba hii si anwani bali ni namba kamili iliyosogezwa kushoto kwa biti moja. Ikiwa 0, ni anwani ya kweli.

OCaml inaishi hivyo. Namba 5 inakaa ndani yake kama 11, na kila n inakaa kama mara mbili yake jumlisha moja. Kujumlisha ni kujumlisha kawaida kisha kutoa 1. Gharama yake ni kwamba namba kamili ina biti 63 badala ya 64, na kubwa kuliko zote ni 4611686018427387903. Mtumiaji akilalamika, mwambie biti 63 zinamtosha. Zitamtosha kweli, hadi siku atakapohitaji kusoma kitambulisho cha biti 64 kutoka kwenye hifadhidata ya mtu mwingine.

Ruby haikujisumbua hata kuficha. Andika 1.object_id, utajibiwa 3. Uliza ya 2, utajibiwa 5. Ni hila ile ile, imeachwa barazani kila mpita njia aione.

V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome, imegeuza kila kitu: 0 mwishoni ni namba ndogo, 1 ni anwani. Usikimbilie kusema wamekosea. Kufikia sehemu ya kitu lazima uongeze umbali fulani kwenye anwani yake, na ile 1 inatolewa ndani ya umbali huo huo bila gharama ya ziada. Namba nazo zinajumlishwa bila marekebisho yoyote. Ukiulizwa kwenye kikao ni upande upi bora, jibu kwa sauti nzito kwamba inategemea, halafu nyamaza.

Kuna wakati hata watengeneza prosesa walishawishika. SPARC ya Sun, katika miaka ya 1980, ilikuwa na maagizo maalumu ya kujumlisha namba mbili huku ikikagua kama biti mbili za chini ni sifuri, kwa ajili ya lugha kama Lisp na Smalltalk. Ilipofika toleo la 9, lile agizo linaloikatiza programu likikuta lebo tayari lilikuwa limewekwa kwenye orodha ya yasiyopendekezwa.

Na kama lugha yako inaiga JavaScript, kumbuka kuna sifuri hasi. Kule 0 mara -5 ni -0, na 1 ukiigawanya kwa -0 unapata ukomo hasi. Namba kamili haijui sifuri hasi. Basi kila kuzidisha kunakotoa sifuri kunahitaji kukagua alama za namba zilizozidishwa, na ukaguzi huo ndio utakaousahau.

Hamia ndani ya NaN

Njia ya biti za chini inazionea namba za desimali. 3.14 inataka biti zote 64, haiachi pa kubandika lebo, hivyo kwa kawaida inapelekwa lundoni na kuundiwa kitu chake. Programu ya michezo au ya takwimu itazalisha vitu hivyo kwa mamilioni, na mzoa taka wako, yule anayefuta vitu visivyotumika tena, hatapumua. Hapo ndipo pa kufanya lile jambo ambalo mafundi hulisimulia kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu analijua.

Kiwango cha IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985 kwa mchango mkubwa wa William Kahan, kinagawa desimali ya biti 64 hivi: biti 1 ya alama, 11 za kipeo, 52 za mantisa. Kipeo kikijaa moja tupu na mantisa isiwe sifuri, hiyo si namba; ni NaN, jibu la sifuri kwa sifuri na maswali mengine yasiyojibika. Hesabu inahitaji NaN moja, au mbili kwa mtu mwenye makuu. Kiwango kimetoa 9,007,199,254,740,990. Nafasi yote hiyo ilikusudiwa ibebe taarifa za uchunguzi, ili mtu aweze kujua hesabu iliharibikia wapi. Walioitumia kwa kazi hiyo ni wachache mno. Kwa jicho la mjenzi wa vibanda, hicho ni kiwanja kitupu karibu na stendi.

Fanya hivi. Desimali za kweli ziache zilivyo. Kitu kingine chochote, kiwe namba kamili, kweli au si kweli, tupu, au anwani ya orodha, kivalishe NaN. Ile biti ya juu ya mantisa iweke 1 ili NaN iwe ya kimya, isiyopiga kelele kwenye prosesa. Umebakiwa na biti 51 chini yake, pamoja na biti ya alama. Anwani inachukua 48, zinazosalia ni lebo. Kila thamani sasa ni baiti 8 kamili, na kujua kama ni desimali ni ulinganisho mmoja tu.

LuaJIT ya Mike Pall imejengwa hivyo. SpiderMonkey ya Firefox hali kadhalika. JavaScriptCore ya Safari inafuata njia hiyo kwa kinyume: anwani ndizo zinazoachwa uchi, na desimali ndizo zinazoongezewa namba fulani ili zisogee pembeni zisigongane nazo. Hoja yao ni kwamba anwani hutumika mara nyingi zaidi, basi adhabu ibebwe na desimali. Kama unataka maelezo ya kiungwana, Robert Nystrom ameyaweka vizuri katika sura ya mwisho ya kitabu chake Crafting Interpreters. Humu tunaendelea na ya mtaani.

Ya mtaani ni haya. Prosesa za x86 zikigawa 0 kwa 0 hutoa NaN yenye biti ya alama 1. Za ARM hutoa yenye alama 0. Wewe umeamua kwamba alama 1 maana yake ni anwani. Basi kwenye kompyuta yako ya ARM majaribio yote yatapita, utasherehekea, utatoa toleo la 1.0, na mtu mwenye x86 atagawa 0 kwa 0 apate anwani ya kitu kilichoko mahali namba sifuri. Programu itakufa papo hapo. Atakuandikia barua ndefu, nawe utamjibu kwamba kwako inafanya kazi.

Lililo baya zaidi halifi papo hapo. Lugha yako ikimruhusu mtu kuchukua baiti 8 alizoziandika mwenyewe na kuzisoma kama desimali, kama JavaScript inavyoruhusu kwa Float64Array, ataandika NaN aliyoichonga kwa mkono, yenye lebo yako na anwani aitakayo. Mashine pepe yako itampokea kwa heshima zote kama kitu halali. Ndiyo maana injini za vivinjari huikagua kila desimali inayoingia kutoka nje, na ikiwa NaN ya aina yoyote huibadilisha kuwa ile moja iliyokubaliwa. Wewe ruka hatua hiyo. Inapunguza kasi, na wadukuzi nao wana watoto wa kusomesha.

Mwenye barabara akirudi

Tumesema anwani ni biti 48. Nani kasema? Kielekezi, yaani thamani inayobeba anwani, kina biti 64. AMD ilipoitoa x86-64 sokoni mwaka 2003, prosesa ilitumia 48 tu, sawa na TB 256, na kernel imejichukulia nusu ya juu, hivyo programu ya kawaida inaona 47. Zilizobaki juu ni hifadhi ya barabara. AMD haikuziacha wazi hivi hivi: prosesa inadai biti hizo ziwe nakala ya biti ya 47, la sivyo inakataa anwani yenyewe. Mafundi walikubali, wakawa wanazibomoa lebo zao dakika ya mwisho kabla ya kuigusa kumbukumbu, na kuzijenga tena mara baada ya hapo.

Sababu ya woga huo inajulikana. Macintosh ya mwaka 1984 ilitumia Motorola 68000, yenye rejista za biti 32 lakini anwani za biti 24 tu. Baiti nzima ya juu ilikuwa haina kazi, na mfumo wa Apple ukaitumia kuweka alama zake: kitu hiki kimefungwa, hiki kinaweza kufutwa. Waandishi wa programu wakaiga. Zilipokuja prosesa zinazosoma biti zote 32, alama hizo zikageuka sehemu ya anwani. Macintosh II, IIx, IIcx na SE/30 ziliuzwa zikiwa na tabia hiyo imechomwa ndani ya ROM, hivyo hazikuweza kutumia zaidi ya MB 8 za RAM hata ukiinunua na kuichomeka. System 7 ilileta anwani za biti 32 mwaka 1991; wenye mashine hizo walisubiri kiraka cha kampuni nyingine, MODE32 ya Connectix, ambacho baadaye Apple ililipia leseni ili wateja wakipate bure.

Wewe hilo lisikutishe. Angalia wenzako walivyofanikiwa. Intel ilipopanua anwani hadi biti 57, wasanidi wa Linux walijua wazi kwamba kuna mashine pepe zilizojenga juu ya biti ya 47. Hawakubomoa. Waliamua kwamba programu haitapewa anwani za juu ila iziombe yenyewe. Barabara imepinda kuvikwepa vibanda, na huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya fani yetu.

Si kila mwenye barabara ana huruma hiyo. Prosesa za ARM za biti 64 zinaweza kupuuza baiti ya juu ya anwani, na kwa watu wetu huo ulisomeka kama mwaliko. Kisha Android 11 ikaanza kuweka lebo yake yenyewe kwenye baiti hiyo kwa kila kipande cha lundo, ili kunasa hitilafu za kumbukumbu. Programu zilizokuwa zimehifadhi vyao pale zikaanza kuanguka. LuaJIT nayo, katika umbo lake la awali, iliweka anwani za biti 32 ndani ya NaN, hivyo kwenye x86-64 vitu vyake vyote vililazimika kuishi kwenye GB 2 za chini. Seva yenye GB 64 ingekuambia kumbukumbu haitoshi, na kwa upande wake ilikuwa inasema kweli. Baadaye likaja umbo jipya la LuaJIT, GC64, lenye anwani za biti 47. Likafika kwenye ARM, ambako Linux inaweza kutoa anwani za biti 48, na vielekezi vingine vya C vikakataliwa mlangoni.

Ukibakiwa na nafasi, weka na maneno

Apple haikukoma. Kwenye mifumo yake ya leo, neno fupi linaweza kukaa lote ndani ya kielekezi. Mike Ash aliichambua hila hiyo mwaka 2015: neno la hadi herufi 7 linatumia biti 8 kwa herufi, la herufi 8 au 9 linatumia biti 6, la herufi 10 au 11 linatumia biti 5, mradi herufi zake zote zimo kwenye orodha ya alama 32 zilizochaguliwa. Orodha hiyo haina b, v, w, y wala z. Ina x.

Matokeo yake, "maandamano" linaingia kwenye kielekezi bila shida. "Mwanafunzi", lenye herufi kumi vile vile, halina nafasi. Linapelekwa lundoni kwa ajili ya w na z. Ukijaribu kupanga orodha ya alama 32 zitakazowafaa Waswahili, anza na a, halafu jiandae kugombana na watu kuhusu nafasi ya x.

Au ujifungie kwenye GB 4

Njia ya mwisho haihitaji ujanja mwingi. Weka vitu vyako vyote ndani ya eneo moja la GB 4, kisha kila kielekezi kihifadhi umbali tu kutoka mwanzo wa eneo hilo: biti 32. V8 ilifanya hivyo mwaka 2020 katika Chrome 80, na wenyewe waliripoti lundo kupungua kwa hadi asilimia 43. Node.js, inayotumia V8 hiyo hiyo kwenye seva, haikuiwasha kwa chaguo-msingi, kwa kuwa wenye seva hupenda kuzidi GB 4. Java ilishapita hapo zamani, ila yenyewe inazidisha umbali kwa 8 na kufika GB 32. Ndiyo maana mtu anayeongeza lundo lake la Java kutoka GB 31 hadi 33 anaweza kujikuta na nafasi ndogo kuliko aliyokuwa nayo: vielekezi vyote vimenenepa kwa mara mbili siku hiyo hiyo. Mweleze hivyo bosi aliyeidhinisha fedha za RAM.

Kukabidhi kazi

Usiandike popote ni biti zipi umezichukua. Zitie kwenye makro zenye majina ya herufi tatu. Yule atakayefungua kitatuzi na kukuta 0xfffc00007f3a21c8 atajifunza mwenyewe kwamba hiyo ni orodha ya majina ya wateja. Ukiwa umetumia mzoa taka wa kubahatisha kama yule wa Boehm, ambaye hutambua anwani kwa kuangalia kama biti zinafanana na anwani, hataziona anwani zako zilizovalishwa NaN, na atavifuta vitu vilivyo hai. Huo nao ni ubanaji wa kumbukumbu.

Kisha rudia kupima. Ikiwa programu za watumiaji wako zimejaa desimali, kweli utaona tofauti, na ulistahili kazi yote hii. Ikiwa zinashinda zikitafuta majina kwenye jedwali na kuunganisha maneno, baiti 16 zilikuwa zinakutosha. CPython, mkalimani wa kawaida wa Python, kwenye mashine ya biti 64 huhifadhi namba 1 kwa baiti 28, bila kuhesabu baiti 8 za kielekezi kinachoifikia, na Python ndiyo lugha ambayo sehemu kubwa ya utafiti wa akili mnemba inaandikwa leo.